Kulia kwa Mjomba

Jumatano, tarehe 4 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Salamu nilizokuandalia zilikuwa nyingi mpaka bahasha ikataka kupasuka, nikapunguza. Mimi sijambo, mkazamjomba wako hajambo, karakana haijambo. Wewe na mkwe wangu Mlingoti mkiwa na afya, basi yaliyobaki duniani ni mambo madogo madogo, na mambo madogo ndiyo kazi yangu.

Bunduki ya mumeo iko tayari. Nikisema tayari, elewa kwamba jeshi lenyewe lingeiona lingeniomba nirudi kazini. Anakuja kuichukua msimamizi wa shamba lenu la miwa kwa gari la kazi, maana yeye ndiye mwenye kibali na karatasi zote. Barua hii nampa yeye. Simu siipendi. Simu haina mahali pa kutia saini.

Unakumbuka nilizinunua mbili, pacha, kwenye mnada wa mali chakavu za jeshi. Ungeziona siku ile ungesema nimeokota mataruma ya reli. Mbao imeliwa na wadudu, mtutu mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikazifunga kwenye jiliwa langu la kubania vyuma, moja baada ya nyingine, nikaanza. Mtutu nimeukata kwa msumeno wa chuma, sasa unapita popote. Kitako nimekipiga randa. Juu yake nimechomelea darubini, na nilipochungulia mara ya kwanza nilimwona sisimizi kwenye ukuta wa ng'ambo ya barabara, nikajua kabisa kwamba ameudhika.

Kifyatulio, pale pa kuvutia kidole, kilikuwa kigumu, cha kuvutwa na watu wawili. Nimekisugua kwa tupa mpaka kikawa laini. Laini kiasi gani? Ukikohoa kinakwambia pole.

Sasa hapa ndipo penye ufundi, msomee mumeo polepole. Zilipotoka kiwandani zilikuwa na kidole cha usalama kinachosimama juu, nyuma kabisa. Kikisimama kinagonga darubini. Fundi mwingine angekaa chini akashika tama. Mimi nimekikata! Nimechonga kingine kwa mpini wa kijiko cha chuma, kijiko changu mwenyewe cha mezani, mkazamjomba wako bado anakitafuta. Hiki changu kinalala ubavuni. Kikilala kulia, bunduki imelala nayo, hata uiangushe kutoka mbinguni. Kikilala kushoto, iko macho. Basi. Kulia, usingizi.

Sikupoteza muda kuijaribu. Mkono huu ulishajaribiwa zamani. Nilipokuwa jeshini nilipiga risasi moja wakaanguka ndege wawili, na wa tatu akashuka mwenyewe kwa adabu.

Pacha wake nimemtundika ukutani hapa karakana. Nimemfanyia vilevile, kitu kwa kitu, wateja wajue wameingia kwa nani.

Nguruwe mwitu wa huko waambie waandike wosia.

Ni mimi mjomba wako,
Mhandisi, Fundi Mkuu wa Vyuma Vyote, Mwanajeshi Mstaafu, Darasa la Nne mara mbili (yaani la nane)


Jumapili, tarehe 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Bunduki imefika, na barua, na ile harufu ya tumbaku yako kwenye vyote viwili. Mlingoti ana raha mpaka inachosha. Anaifuta kwa kitambaa nilichokata kwenye gauni la mteja, anaiegemeza upande wake wa kitanda. Nimemwambia akianza kuiita mpenzi nitarudi kwenu.

Nguruwe wamezidi. Wiki hii wameangusha miwa ya kando ya mto, na walinzi hawana silaha ila madebe ya kupiga. Ndiyo maana Mlingoti anajiona mtu mkubwa. Amejengewa ulingo wa miti pembeni ya shamba, atakaa juu na darubini yako. Mtu mwenyewe tayari ni mrefu vile, sijui huko juu atamwona nani.

Msimamizi aliitazama akakuna kichwa. Alisema silaha iliyokatwakatwa lazima ipelekwe mjini kwa fundi wa silaha ikaguliwe kwanza. Mlingoti akakataa. Alisema, "Mzee, hiyo ni kazi ya mjomba wa mke wangu. Nikiipeleka ikakaguliwe nitakuwa nimemtukana mezani kwake." Mimi nilinyamaza. Sijui kama nilifanya vizuri kunyamaza. Wewe unasemaje, ikakaguliwe? Ukisema wewe, ataipeleka.

Barua nilimsomea polepole kama ulivyoagiza, na nilipofika penye ufundi ilibidi nimtafsirie, maana si kila mtu anajua Kiswahili chako. Nikamsimulia ya siku ya arusi yetu, ulipomwelekeza mpiga picha, "Pinda kulia utaona ukumbi," mtu akatokea makaburini na kamera shingoni. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bibi ndiye aliyekuharibu. Alikufundisha kwamba mkono wa kulia ni ule unaolia chakula, na wewe unakula kwa ule mwingine, basi dunia nzima ikageuka. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema: kulia kwa kaka yangu ni kushoto kwa watu.

Msalimie mkazamjomba. Mwambie kijiko kiko salama, kinalinda miwa.

Mpwa wako,
Sindano


Alhamisi, tarehe 26 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba, ila marahaba ya kununa. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Mtu unamtengenezea silaha ya kifalme, yeye anakukumbusha makaburi! Yule mpiga picha alikuwa mgeni wa mji, na kamera ilikuwa nzito upande mmoja, ikamvuta.

Hata hivyo jua kwamba mambo yamebadilika hapa. Tangu nilipomwelekeza mteja wa geti akaenda kulipia kwa mshindani wangu, mkazamjomba wako amenifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono. Akaniambia, "Mume wangu, kulia kwa watu ni huku kwenye uzi. Usiufungue hata ukioga." Basi sijaufungua. Ukiniuliza kulia natazama uzi. Barua ile niliiandika nikiutazama, tena mara mbili. Kulia kwangu siku hizi ni kulia kwa watu wote, mpaka serikali.

Habari ya kukaguliwa nimeisoma nikacheka peke yangu karakana, mteja akadhani nimepandwa na pepo. Huyo fundi wa silaha wa mjini alijifunza kushika bisibisi akinitazama mimi dirishani. Bunduki haiendi popote. Mkwe wangu amesema vyema, ana adabu, na adabu hainunuliwi. Mwambie msimamizi akune kichwa chake mpaka kitoe moshi.

Namngoja nguruwe wa kwanza. Nataka meno yake niyatundike chini ya yule pacha.

Ni mjomba wako aliyekwisha kusamehe,
Mhandisi, Fundi Mkuu wa Vyuma Vyote, Mwanajeshi Mstaafu


Jumatatu, tarehe 30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mlingoti hayupo tena.

Juzi Jumamosi jioni alikuwa anapanda ulingo. Msimamizi alikuwa amesimama chini. Kitako cha bunduki kiligonga kidato cha ngazi, ikalia. Haikuvutwa na mtu. Walimpakia kwenye gari la kazi, lakini wanasema hata lilipowashwa alikuwa ameshamaliza. Tumemzika jana.

Barua yako ya uzi ililetwa jana hiyohiyo, nikiwa nimekaa na wanawake. Niliisoma, nikaiweka kifuani.

Njoo.

Sindano


Jumanne, tarehe 14 Aprili

Mwanangu Sindano,

Tangu nirudi kutoka msibani mkono haujashika chombo. Nimekaa mlangoni mwa karakana kama mteja wa mtu mwingine. Wewe ulinipa mkono ukanipita, na mimi nikasema ni uchungu, mwache. Mtu aliyefiwa hadaiwi maneno.

Lakini kuna neno limenikaa kooni kama mfupa na lazima nilitoe. Yule msimamizi, mbele ya watu, nimeshika kikombe cha chai, akasema, "Ndiyo huyu mwenye bunduki ya kijiko." Watu wote wakanigeukia. Mimi! Mtu ambaye madaraja yamesimama kwa mkono wake! Uliona nilivyomjibu. Wanasema nilipaza sauti. Nilipaza ndiyo, na ningekuwa na sauti nyingine ningeiongeza juu yake.

Maana sikiliza alichosema mwenyewe kwa mdomo wake. Alisema kabla ya kupanda, Mlingoti alikisogeza kile kidole upande wa kushoto mbele ya macho yake, akakipigapiga, akamwambia, "Sasa imelala, Mzee." Kushoto! Mimi niliandika nini? Niliandika kulia. Kulia, usingizi. Mtu wa darasa la kwanza anasoma, kipofu anapapasa. Itafute barua ile, wape polisi waione, wamsomee na msimamizi kwa sauti kubwa. Kama kidole kingelala kulia, mkwe wangu angekuwa hai, anakula miwa.

Ninachojiuliza usiku na mchana ni kimoja. Nani alimwambia kushoto? Mlingoti hakuwa mtu wa kujitungia. Kuna mtu alimwambia. Huyo mtu ndiye aliyemuua, mwanangu, si mimi wala si kijiko. Nikimjua nitamkamata koo kwa mikono hii miwili.

Kula. Mkazamjomba wako anasema ule hata kidogo.

Mjomba wako,
Mhandisi, Fundi wa Vyuma


Jumapili, tarehe 26 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Polisi nimewapa barua. Waliisoma, wakaandika kwamba marehemu alikosea upande. Nilitaka kuwaambia hakukosea, mdomo ukakataa. Nakwambia wewe.

Koo unalolitafuta ni hili. Lilelile ulilolifunga kitambaa chenye mafuta nilipokuwa mdogo nikiumwa kifua, ukaniambia ni mafuta ya simba.

Nilikuandikia kwamba nilimtafsiria barua. Hukuuliza nilitafsiri nini. Nilifika pale penye "kikilala kulia", nikasimama, nikacheka, nikamwambia, "Hapa ngoja, mume wangu. Kwa Mjomba, kulia ni kushoto. Wewe laza kushoto." Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia, "Mimi nimelelewa na Kiswahili hiki." Akaanza kukariri. Akivua viatu, kushoto usingizi. Akinywa maji, kushoto usingizi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nikamwambia nyamaza, nimeshasikia. Alikuwa mtu wa kutii, Mjomba. Siku ile kwenye ngazi alinitii mimi.

Kisha barua yako ya uzi ikaja, ikanikuta na nguo nyeusi.

Sikukupita msibani kwa uchungu wa kukulaumu. Nilikupita kwa sababu ulikuwa unapaza sauti "Niliandika kulia! Niliandika kulia!" na kila ulipotamka nilikuwa nasikia jina langu.

Cherehani nimeifunika. Neno moja tu hilo, kulia, na limeshika kila kitu: chakula, mkono, machozi. Nililijua tangu utotoni, nikajidai mkalimani.

Usimwambie mkazamjomba. Au mwambie. Hata sijui.

Sindano


Jumanne, tarehe 5 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mkazamjomba wako aliniuliza nina nini, nikamwambia moshi. Hakukuwa na moshi.

Nilitoka nikaenda karakana mchana ule, nikafunga mlango kwa ndani. Nilitaka kumtazama yule pacha ukutani. Wazo langu lilikuwa kwamba nimshike, nilaze kidole kulia, nimwone anavyolala vizuri, moyo wangu utulie kwamba angalau kazi ilikuwa kazi. Ndivyo nilivyowaza. Nakwambia kama ilivyokuwa.

Nikamshusha. Hana risasi, sijawahi kumtia. Nikavuta komeo la bunduki, nikalirudisha. Nikatazama uzi, nikalaza kidole kulia. Nikakigonga kitako sakafuni, si kwa nguvu, kama mtu anayegonga ngazi.

Tak.

Imejifyatua tupu. Nikasema nimekosea. Nikavuta tena, nikatazama uzi tena, nikalaza kulia. Tak. Nikalaza kushoto. Tak. Nikakaa chini sakafuni mimi na yeye, kulia, kushoto, mpaka jasho likanitoka. Mara mojamoja alikaa bila kulia. Mara nyingine nililifunga komeo tu, sijagonga chochote, tak.

Nikamfungua. Mwanangu, kile kijiko hakishiki kitu. Kinazunguka juu juu, kinakwaruza mbao, hakifiki kwenye chuma cha ndani. Ni pambo. Ni kama bawaba uliyoichora ukutani kwa chaki. Na kile kifyatulio nilichokisugua, nimekimaliza. Kale kajino kanakozuia nimekala kwa tupa, kamebaki kama ukucha uliokatwa. Bunduki ile haikuwahi kulala. Ilikuwa macho tangu ilipotoka mikononi mwangu.

Kwa hiyo hata ungemsomea neno kwa neno. Hata angelaza kulia. Ilikuwa inangoja ngazi tu.

Na uliniuliza ikakaguliwe, nami nikanuna, kisha nikacheka.

Si wewe. Nasema tena kwa herufi kubwa, SI WEWE. Sikuwahi kuwa askari, unajua. Huko jeshini nilimenya viazi. Sijui bunduki. Najua mageti.

Mjomba wako,
Fundi


Jumapili, tarehe 17 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako, nikamsomea na Mlingoti kaburini, maana nimezoea kumsomea.

Asante.

Unakumbuka kuku wa Mama? Niliacha mlango wa banda wazi, kicheche akawamaliza. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa. Ukaja ukamwambia Mama kwamba ni wewe uliyefungua, ulikuwa unawafundisha kuku kutembea gwaride. Mama alikufokea mpaka sauti ikamkauka. Ukageuka ukanikonyeza. Sikuwahi kukushukuru, kwa sababu nilijua ukishukuriwa uongo unaharibika.

Safari hii nakushukuru. Najua umekaa ukatafuta namna ya kuniondolea huu mzigo, ukaubeba wewe, mpaka jeshi lako umelitoa sadaka. Hakuna uongo mzuri kuliko huu katika wote uliowahi kunitungia. Tak, tak. Nilikuwa karibu kuusikia.

Lakini mimi si mtoto tena, na Mlingoti si kuku. Niache na mzigo wangu. Ni wa kwangu, bega limeshauzoea.

Mpwa wako anayekupenda,
Sindano


Jumamosi, tarehe 23 Mei

Mwanangu,

Safari hii sikutunga.

Nimeandika barua hii mara nyingi, nikaichana. Kila nikiandika ukweli unatoka na sura ya zile hadithi zangu. Nimeutumia mdomo huu vibaya kwa muda mrefu, na sasa ninapouhitaji hauaminiki. Hilo si kosa lako.

Mkazamjomba nimemwambia yote. Alitaka kuongeza mistari hapa chini, kwamba ameona na kusikia, nikakataa. Utasema nimemtuma.

Nimekwenda kituo cha polisi mwenyewe, nimewaeleza. Watakuja karakana Jumamosi ya tarehe 6 Juni kumchukua pacha, pamoja na mkaguzi wa silaha kutoka mjini. Yule niliyesema alinitazama dirishani. Sijawahi kumwona maishani mwangu. Nimewaomba usiwepo mkono wangu. Nimewaomba uwepo wako.

Njoo, tafadhali. Umshike wewe, umlaze wewe, kwa kulia kwa watu. Usikie kwa masikio yako.

Ukishasikia unaweza kuondoka bila kuniaga.

Mjomba


Jumapili, tarehe 7 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimefika nyumbani salama. Neno hilo nalo sasa linaniuma kuandika.

Nisingekuja kama si yale maneno yako, kwamba mdomo hauaminiki. Hukuwahi kujisema hivyo. Nikajiambia, mtu akitunga hajitukani hivi.

Uliniona nilivyojaribu. Mkaguzi alisema, "Dada, inatosha, tumeona," nami nikavuta komeo tena. Nilitaka ilale hata mara moja kwa upande wa kulia peke yake, na iamke kushoto, ili nijue niliyoyajua yalikuwa kweli. Haikutaka. Kulia, tak. Kushoto, tak. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeshika kofia, na hukusema chochote, na hilo lilinitisha kuliko bunduki.

Mkaguzi aliniambia nje, taratibu, kwamba hata ya Mlingoti walipoifungua waliikuta hivyohivyo. Alisema angeletewa kabla, angeijua pale pale mezani, hata chai isingepoa. Sikwambii hili nikuchome. Nakwambia kwa sababu tumekwisha kufichana.

Njiani nililia. Abiria wa pembeni akanipa leso. Tangu azikwe nilikuwa najililia mimi, mkono wangu, ulimi wangu, yeye alikuwa hapati nafasi. Jana nilimlilia yeye. Urefu wake, alivyokuwa akiinama mlangoni hata kwenye milango isiyomgusa. Kitambaa cha kufutia bunduki nimekikuta chini ya mto, bado kina alama ya kidole gumba chake. Cherehani nimeifunua.

Sijakusamehe, Mjomba. Sisemi kwamba sitakusamehe. Nasema leo sijaweza, na usiniandikie mpaka mimi nikuandikie. Bisibisi shika kwa mageti tu. Wakikuita kujibu shitaka, nenda. Mkazamjomba nitakuwa namsalimia kwa barua zake mwenyewe.

Ila kuna jambo nililiona mezani kabla sijaondoka. Nilikuona unakula kwa mkono wenye uzi. Chakula kinakumwagikia kifuani, na wewe umekazana, na mkazamjomba anatazama pembeni. Nilijua unauadhibu ule mwingine. Nilitaka kusema nikashindwa, nikakupa mgongo.

Nasema sasa. Kata huo uzi. Kula kwa mkono wako uliokuzoea. Kulia kwako kuwe kushoto kama zamani. Hilo peke yake halikuua mtu.

Sindano